Baiskeli Zetu Zilipovuka Ziwa

Mtu niliyemfundisha kufanya ishara ya msalaba ndiye aliyechaguliwa kutuongoza kwenda Kongo. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma, na mambo ya baiskeli nitakayoyasimulia hapa niliyaona yote kwa jicho la mtu aliyeumwa.

Mimi ni katekista mstaafu. Naishi Majengo, hapa Mpanda, katika nyumba niliyoijenga kidogo kidogo, na Mungu amenipa umri wa kuwaona wajukuu zangu wakipokea Komunyo ya kwanza. Kwetu hasa ni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na Kibende ndiyo lugha niliyonyonya kwa mama. Huyu ninayemsema ni mwanangu wa ubatizo. Ni Msukuma. Alifika Kabungu, kijiji cha jirani na Mpanda, akiwa mtu mzima, na mke, watoto na ng'ombe wake, na Jumapili moja akaja kigangoni akakaa benchi la nyuma kabisa. Nilimfundisha sala zote, nikamsimamia siku alipobatizwa. Tangu hapo ananiita Baba, ingawa tukikaa pamoja mgeni hawezi kujua nani baba na nani mwana, maana amenipungukia miaka michache tu. Hata amri ya kumi nilimfundisha mimi. Aliniuliza kama kuwaangalia tu ng'ombe wa jirani nako ni dhambi. Nikamwambia inategemea unawaangaliaje. Akacheka, akasema basi Wasukuma watajaa nje ya mlango wa mbinguni.

Kigango chetu kina kikundi cha baiskeli. Kila mwaka tunafanya hija ya baiskeli kutoka Mpanda hadi Karema, kwenye kanisa la zamani la wamisionari, na tunalala njiani kwa watu wa jumuiya. Tangu kikundi kianze mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa sala. Asubuhi, kabla hatujapanda, kila mtu alisimama ameshika usukani wa baiskeli yake, nami nikaanzisha. Hakuna gurudumu lililozunguka kabla ya sauti yangu. Nililizoea jambo hilo kama mtu anavyozoea kiti chake mwenyewe. Goti langu lilipoanza kunisumbua, nikawa nasukuma baiskeli kwenye vilima, lakini kusali sikuacha.

Mwaka juzi ndugu wa ng'ambo, kutoka misheni moja ya Kongo, walivuka ziwa na baiskeli zao wakaja kuhiji pamoja nasi. Tukawapokea majumbani. Kwangu walilala wawili. Mwanangu aliwachukua saba, akawachinjia dume la ng'ombe. Mimi niliwapa wali na kuku, na kwa mke wangu na mimi kuku yule hakuwa mdogo, lakini nani atakumbuka kuku wakati kuna dume? Wakati wa kuondoka walitualika. Wakasema nyie mkija na baiskeli zenu tutawatembeza vijiji vyote vya misheni, kanisa kwa kanisa.

Ndipo maandalizi yakaanza. Wazee na vijana tulishughulikia hati zetu za kusafiria, na yangu nikaipata miongoni mwa wa kwanza. Mama yangu mzazi alizaliwa ng'ambo. Utotoni nilikaa naye ufukweni, akinionyesha milima ile ya bluu upande wa pili na kuniambia chini yake kuna kanisa alilobatiziwa yeye. Nimezeeka nikiiangalia milima hiyo. Nilitaka kusimama ndani ya kanisa hilo nikaongoze rozari, basi. Sikuwa na ombi lingine kwa safari hiyo.

Kamati ikakaa. Mwanangu, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mwenyekiti wa kikundi, hakusema neno juu yangu. Wengine ndio waliosema. Walisema ng'ambo kuna milima mikali, na boti lina nafasi chache, kila anayevuka lazima awe wa kuendesha. Wakasema goti la Mzee tunalijua. Kwa hiyo Mzee atasindikiza baiskeli kwa lori hadi Karema, ahakikishe zimepakiwa salama, kisha arudi. Sala zitaongozwa na mwenyekiti. Wakanipigia makofi. Nimepigiwa makofi mengi kanisani katika maisha yangu, na najua ya kumkaribisha mtu yanavyolia na ya kumuaga yanavyolia. Nilisimama nikashukuru. Nilipofika nyumbani sikula.

Sijawahi kumchukia mwanangu, na hilo ndilo lililofanya wivu uwe mgumu kuubeba. Mtu ukimchukia unapata nafasi ya kupumzika, unamsema vibaya, unajisikia nafuu. Mimi nilikuwa namwombea kila siku kwa jina lake la ubatizo, jina nililomchagulia mwenyewe, na nikimaliza kumwombea namwonea wivu sauti yake. Ana sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuita mifugo kutoka mbali. Akianza Baba Yetu, kanisa zima linaingia pamoja naye. Mimi nikianza, wanaingia mmoja mmoja.

Siku ya kufunga baiskeli tulikusanyika kwenye uwanja wa kigango. Watu wa huku wanajua kusafirisha baiskeli juu ya basi au lori, na mwanangu anajua kuliko wengi, maana walipohama walikuja na baiskeli na mitungi na kuku na kila kitu, vimefungwa kwa njia yao. Alifungua pedeli, akazungusha usukani ukalala sambamba na fremu, akashusha tandiko. Kisha kila baiskeli ikavalishwa nyasi kavu kwenye cheni na spoku, juu yake viroba vilivyopasuliwa, halafu ikakazwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka tyubu kuukuu. Alivuta kamba hizo kwa meno. Ilipokwisha, kila baiskeli ilikuwa imeshikamana kama mkungu wa ndizi, na ungeweza kuiangusha kutoka juu ya nyumba bila kusikia hata kengele. Vijana walimzunguka wakimsifia. Mmoja aliniambia, "Mzee, hapa hata nahodha atatupa zawadi." Nikajibu ni kweli zimefungwa vizuri. Na zilikuwa zimefungwa vizuri. Nilitamani nione fundo moja limelegea, nikazunguka zote nikizibonyeza kwa kidole, nisilione.

Lori lilitutoa Mpanda alfajiri. Nilikaa mbele na dereva kwa heshima ya umri, wao wakakaa nyuma juu ya mizigo yao wakiimba. Nilisikia sauti yake juu ya zote, hata juu ya injini. Dereva akasema, huyo anayeimbisha huko nyuma ana mapafu. Nikamwambia ni mwanangu. Akaniangalia mara mbili, akaangalia barabara.

Karema tulipokelewa na paroko, padri mzee mpole, ambaye alikuwa ameahidi kuzibariki baiskeli kabla hazijavuka. Kwetu hilo si jambo la mapambo. Baiskeli ya hija lazima iguswe na maji ya baraka, na mwenyewe awe ameishika. Sasa paroko akatoka na maji yake akakuta mbele ya kanisa mafurushi yamelala kama maiti waliokwisha kuviringishwa kwenye mikeka. Akauliza baiskeli ziko wapi. Vijana wakanigeukia mimi kama katekista: je, baraka inapita kwenye kiroba? Nikasema Mungu hazuiwi na kiroba, lakini nikaongeza kwamba desturi yetu ni maji yaguse chuma. Mwanangu akainamisha kichwa akasema, "Baba amesema kweli. Nilifunga haraka bila kuuliza." Paroko akatabasamu, akanyunyiza juu ya viroba hivyo hivyo, akasema yanatosha.

Yangetosha, kama si afisa wa forodha kule gatini. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye adabu. Aliyatazama mafurushi, akasema anahitaji kuona kila baiskeli, kuanzia gurudumu la mbele hadi la nyuma, na namba ya fremu yake, ili zikirudi ajue ni hizo hizo. Tukamweleza kwamba zimekwisha kubarikiwa. Akasema, "Wazee wangu, baraka inapita kwenye kiroba. Macho yangu hayapiti."

Hapo ndipo tulipoliona kosa letu. Sisi ni watu wa kusafirisha vitu kutoka Mpanda kwenda Tabora, kutoka Tabora kwenda Mwanza. Kwetu mzigo unafungwa nyumbani na kufunguliwa nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba kati ya nchi na nchi kuna mtu ambaye kazi yake ni kufungua.

Mafundo ya mwanangu hayakufunguka. Aliyavuta, vijana wakayavuta, mpira ukawa umekazana kwa joto la safari ukawa kitu kimoja. Ikabidi wakate kwa visu. Kamba zikaanguka mchangani vipande vipande, nyasi zikapeperuka gatini kote, na yeye akawa amepiga magoti katikati, jasho linamtiririka, anakata kazi yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la mtu. Nilihisi baridi tamu kifuani, kama maji ya mtungini. Nikasali kimya ili hali hiyo iondoke, lakini sikusali kwa haraka.

Afisa alitaka tuziunganishe zisimame kwa magurudumu yake, kisha akaandika namba zake akashukuru. Sasa tukawa na baiskeli tupu, bila kamba, na boti limekaribia kuondoka. Ni boti la mbao la mizigo, lenye injini, na lilikuwa limekwisha kujazwa mchele na unga wa watu. Nahodha alitazama pedeli zilizorudishwa, usukani uliosimama, ncha za ekseli. Mwenye mchele akaanza kulalamika kwamba vyuma vile vitamtobolea magunia, mchele wake utaliwa na samaki. Nahodha akatoa neno lake: baiskeli moja ibaki, hakuna nafasi, na mtu mmoja akae katikati ya hizo nyingine njia nzima, azishike zisitoboe mizigo ya watu. Idadi ya abiria haiongezeki.

Kila kijana alishika baiskeli yake kama mtu aliyeshika mkono wa mchumba. Mwanangu akaichukua yake, iliyokuwa nzuri kuliko zote, akaiegemeza kwenye ukuta wa ghala.

"Ya mwenyekiti ndiyo ibaki," akasema. "Na asiye na baiskeli huko ataenda kufanya nini? Nafasi yangu apewe Baba. Akae na hizo baiskeli, yeye ni mwepesi. Mimi nikikaa humo nitavunja spoku zote."

Vijana wakacheka. Mimi sikucheka. Kwa desturi zetu mtu akipewa kitu kikubwa namna hiyo anakataa kwanza, anasema hapana mwanangu, nenda wewe, halafu anabembelezwa. Nilijua hivyo. Niliingiza mkono mfukoni nikatoa hati yangu ya kusafiria, nikampa afisa wa uhamiaji, nikapanda boti. Niliogopa kwamba nikikataa hata mara moja, atakubali.

Kwa hiyo nilivuka ziwa nikiwa katikati ya baiskeli, nimekumbatia fremu mbili, mnyororo mmoja ukinipaka grisi suruali ya kanisani. Mawimbi yalipotuinua magurudumu yalizunguka yenyewe juu ya kichwa changu. Nilimshukuru Mungu kwa moyo wote. Milima ya mama yangu ilikuwa inakua. Na bado, tulipokuwa mbali na ufuko, nilijikuta nawaza jinsi alivyoipa kisogo baiskeli yake kwa urahisi, bila uso kubadilika, na nikamwonea wivu urahisi huo. Mimi sijawahi kuacha kitu hivyo.

Asubuhi tuliyofika, ndugu wa ng'ambo walikuwa wamejaa ufukweni na nyimbo na matawi. Walitupokea baiskeli zetu moja moja, kila moja ikabebwa na watu wawili kama mgeni mwenye heshima. Walipomaliza, mkubwa wao, mzee aliyekuwa miongoni mwa wale saba, akatazama ndani ya boti, akatazama nyuma yangu.

"Baba wa ng'ombe iko wapi?"

Nikamweleza kuwa amebaki. Uso wake ukashuka kabisa, hakuweza kuuficha. Akageuka akawaambia wenzake, na niliona habari hiyo ikipita katika umati kama habari ya msiba. Mama mmoja akaniuliza kama anaumwa. Kisha wakakumbuka adabu, wakanishika mikono yote miwili wakaniambia karibu sana, Mzee. Wale wawili waliolala kwangu walikuwepo pia. Mmoja alimsalimia mke wangu kupitia mimi, akauliza hali ya kuku. Nilimpenda kwa hilo.

Ziara ilikuwa kanisa kwa kanisa kama walivyoahidi. Vijana waliendesha, nami nikafuata nyuma nimepakiwa kwenye pikipiki ya misheni, nikila vumbi lao. Kwenye miteremko waliachia breki, mikono juu, na watoto wa vijijini wakikimbia pembeni. Kila kijiji walichofika waliimba wimbo aliowafundisha mwanangu, na kila kijiji kiliuliza wameufundishwa na nani. Vijana walijibu kwa furaha, kwa urefu.

Mwisho tukafika katika kanisa la mama yangu. Ni dogo kuliko alivyonisimulia, matofali ya kuchoma, na kisima cha ubatizo cha jiwe karibu na mlango. Niliweka mkono wangu juu ya jiwe lile, likawa la baridi. Jioni wakaniomba niongoze rozari. Kanisa lilijaa hadi nje. Nilianza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu wote waliingia pamoja nami, sauti moja. Machozi yalinitoka. Hili ndilo nililolitaka, na nililipata lote, sikupunjwa chochote, Mungu ashukuriwe.

Kabla ya tendo la mwisho, yule mzee wao akainuka taratibu, akaniambia kwa sauti ya chini ambayo kanisa zima liliisikia, "Mzee, kumi hii tumuombee yule aliyetoa nafasi yake."

Nikaitangaza nia hiyo. Nikasali Salamu Maria kumi kwa ajili yake, kwa jina lile nililomchagulia, mahali ambapo nilikuwa nimepanga kumtaja mama yangu. Mama nilimtaja baadaye, peke yangu, kwenye kisima.

Tuliporudi Karema mwanangu alikuwa gatini anatungojea. Nilifikiri alikuwa amerudi Kabungu kwa ng'ombe wake, kumbe hakuondoka. Alikuwa amenunua tyubu kuukuu kwa mafundi wa baiskeli, akakaa akikata kamba mpya, chungu nzima. Kando yake alisimama dada yangu, ambaye ameolewa hapo Karema na ambaye nyumba yake ndiyo niliyozoea kufikia mimi. Dada alinikumbatia, akaniambia nimekonda. Kisha akaanza.

Akasema huyu mwanangu amefikia kwake. Amemkarabatia paa la jiko. Paroko alipata homa kidogo, akamwomba aongoze rozari ya jioni kanisani, siku ya kwanza, na ya pili, na zote zilizofuata. Wakinamama wa Karema ambao hawatoki nje magoti yakiwauma walitoka. "Kaka," akasema dada yangu, "tangu baba yetu afariki sijasikia mtu akisali hivyo kanisani kwetu. Uliwezaje kumfundisha?"

Kanisani kwetu. Hapo ndipo nilipobatizwa. Ndipo nilipohudumia altareni nikiwa mdogo, na katika miaka yangu yote ya ukatekista hakuna aliyewahi kuniomba niongoze sala humo, maana nilikuwa nafika kama msafiri na kuondoka kesho yake. Nilikuwa nimetamani ng'ambo muda wote huo, mbele ya macho ya kanisa langu mwenyewe, na yeye akalichukua bila kulitafuta.

Tulizipakia baiskeli kwenye lori pamoja, yeye na mimi, vijana wakiwa wamekwenda kunywa chai kwa dada. Safari hii alizifunga kidogo tu, mafundo ya kufunguka. Alinipa upande wangu wa kamba nivute. Aliniuliza habari za kanisa la mama yangu, nikamweleza yote, matofali, jiwe, watu waliojaa. Nikamweleza pia kwamba walimwombea. Alisikiliza ameacha kazi, macho yamemlowa.

"Basi Baba, imekaa vizuri," akasema. "Mwakani vuka tena wewe. Wamekwisha kukuzoea kule. Mimi nitabaki hapa kwa shangazi, wakinamama wameniomba."

Nilivuta kamba, nikaipitisha chini ya fremu, nikamrudishia.

"Mwakani," nikamwambia, "nitabaki mimi."